Umeongeza RAM kwenye laptopu na haisomi? Pitia hapa kabla hujarudi dukani kugombana

Kesi huwa hivi. Mtu ana laptopu used, EliteBook 840 G1 au ThinkPad T440 au zile Dell Latitude za E, ilikuja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB, akifungua Chrome na Excel kwa pamoja inaganda, basi anashuka Kariakoo (wa Nairobi anaenda zake Luthuli) anachukua RAM ya 8GB, anafungua, anachomeka, anawasha, anakuta bado inasoma 4GB ileile. Au inasoma 12GB ila kwenye mabano imeandikwa inayotumika ni 3.9. Au ndo kabisa, skrini nyeusi, feni inazunguka, taa ya Caps Lock inakonyeza. Hizo ni kesi tatu tofauti kila moja na dawa yake, ila wengi wanazitibu zote kwa dawa moja, kupiga Windows upya. Subiri kwanza.

Mimi nafuata kanuni moja tu: BIOS (programu ya kwenye bodi kuu inayowaka kabla ya Windows) ndo shahidi. BIOS ikiiona RAM yote, weka bisibisi chini, kwa kawaida tatizo liko ndani ya Windows. BIOS isipoiona, achana na Windows kabisa, hakuna apudeti wala programu ya kuongeza kasi itakayosaidia hapo, tatizo liko kwenye chuma. Ukishika hilo umeokoa nusu ya muda na labda na hela ya fundi.

Hatua ya 1: muulize shahidi

Izime laptopu kabisa, siyo kufunga mfuniko ikalala. Iwashe huku unagongagonga kitufe cha kuingilia BIOS: HP ni F10 (au Esc kwanza halafu F10), Dell F2, ThinkPad F1, Acer na Asus nyingi F2. Tafuta mstari wa Memory, kwa kawaida uko ukurasa wa kwanza au kwenye System Information. Dell ndo wamefanya vizuri hapa, wanakuonyesha sloti (tundu la kuchomekea RAM) mojamoja, DIMM A ina ngapi na DIMM B ina ngapi, kwa hiyo unajua papohapo ni ipi haisomeki.

Sasa hizi mashine zilizotoka maofisini huko Ulaya mara nyingi zinakuja na paswadi ya BIOS na aliyekuuzia haijui. Usihangaike. Jaribu vipimo vya kiwandani, Dell bonyeza F12 uchague Diagnostics, HP jaribu F2. Ikigoma na hapo, washa kwa flashi yenye Linux yoyote, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike:

sudo dmidecode -t memory

Itakupa kila sloti, ina GB ngapi, spidi gani, namba ya kipande. Sloti isiyosomeka inaandikwa "No Module Installed". Ila usiamini sana mstari wa "Maximum Capacity", kuna mashine inadanganya hapo.

Kama Windows inawaka, kuna njia ya mkato. Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, bonyeza Memory, chini kulia angalia "Slots used" na "Hardware reserved". Ukitaka undani zaidi fungua PowerShell uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Capacity, Speed, PartNumber

Capacity inakuja kwa baiti, usishtuke, 8589934592 ndo 8GB na 4294967296 ndo 4GB. Ikileta mistari miwili ujue mashine inaviona vipande vyote viwili.

Hatua ya 2: BIOS inaona, Windows haitaki

Hii ni kesi nyepesi, tuimalize haraka. Angalia System type kwenye taarifa za kompyuta (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua Settings, System, About). Ikiwa imeandikwa 32-bit umeshapata jibu, Windows 10 ya biti 32 mwisho wake ni 4GB na kiuhalisia unapata 3 na pointi kidogo, hata ukiweka 16. Hapo ndo pa kupiga Windows upya ya biti 64, na lazima iwe upya kabisa maana huwezi kuapudeti kutoka 32 kwenda 64, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza kwenye diski ya nje. Wale mliobaki na Windows 7 mjue na toleo lina kikomo chake, Home Basic ya biti 64 inaishia 8GB, Home Premium 16GB.

Kama tayari ni biti 64, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, nenda Boot, halafu Advanced options. Kuna kiboksi kimeandikwa "Maximum memory". Kikiwa na tiki, itoe, restati. Kuna video huko mitandaoni zinawaambia watu waweke tiki hapo ili "laptopu iwe na spidi", wanaweka, miezi inapita, siku wanaongeza RAM inabaki na namba ya zamani na hawakumbuki kama waliwahi kugusa.

Na kama kinachopungua ni kidogo, mfano umeweka 8GB inasema inayotumika 7.8, hiyo siyo hitilafu, grafiki ya ndani inachota RAM hiyohiyo. Mashine za AMD zinaweza kuchota hata 2GB nzima, kuna BIOS zinakuruhusu kupunguza na kuna zisizoruhusu. Ila ukiona Hardware reserved imekula nusu ya RAM yote na msconfig iko safi, rudi kwenye chuma, mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa hata kama jina lake linaonekana.

Hatua ya 3: BIOS haioni. Soma stika kabla ya kufungua chochote

Hapa ndo kwenye kazi, na sehemu kubwa ya majibu iko kwenye hiyo stika ndogo juu ya RAM. Isome vizuri, piga picha kabisa.

Kizazi kwanza. RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na ule mkato wa kati hauko sehemu moja kati ya DDR3 na DDR4, kwa hiyo ukiona haiingii usilazimishe. Lakini mtego wenyewe hauko hapo. Mtego uko kati ya DDR3 na DDR3L. Hizi mbili umbo ni moja, pini ni zilezile, mkato uleule, inaingia bila ubishi, na dukani zimewekwa kwenye boksi moja. Tofauti ni umeme: DDR3 ya kawaida inakula volti 1.5, DDR3L volti 1.35. Mashine za Intel kizazi cha 4 (zile i5-4200U, i5-4300U na ndugu zake), pamoja na prosesa ndogo za Celeron kama N2840, zinataka 1.35. Ukiweka ya 1.5 skrini inabaki nyeusi au inaikataa kimyakimya. Kwenye stika angalia hivi, PC3-12800S ni ya 1.5, PC3L-12800S ni ya 1.35, herufi moja tu ya L ndo inakufanya uone RAM mbovu wakati ni nzima. Kinyume chake hakina shida sana, DDR3L kwa kawaida inafanya kazi pia kwa 1.5, kwa hiyo ukiwa huna uhakika chukua yenye L.

EliteBook 840 G1, Latitude E7440, ThinkPad T440 na X240 zote ziko kwenye kundi hilo la L. Yaani zile zinazouzwa sana huku ndo hizohizo zenye mtego.

Pili, uwezo wa mashine. Usikubali neno la "hii inakula hadi 32", nenda kaangalie modeli yako hasa. X240 ina sloti moja tu na kipande kikubwa inachokubali ni 8GB, sasa mtu akikuuzia ya 16GB ya DDR3L kwa mashine ya kizazi cha 4 umeliwa, vipande hivyo vinaanza kukubalika kwenye kizazi cha 5. T440 nyingi zina 4GB imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu) na sloti moja, ndo maana mwisho wake ni 12, kwa hiyo ukiitoa ile ya kwenye sloti bado inawaka na 4GB na unaweza kudhani inasoma RAM yako mpya kumbe inasoma ile ya kuchomelewa. Hapa watu wanapotea sana! T480s na T490 nazo ni hivyohivyo, nyingine imechomelewa na nyingine iko kwenye sloti, wakati T480 ya kawaida ina sloti mbili kamili. MacBook Air zote hazina sloti, usinunue RAM kabisa, na MacBook Pro zenye skrini ya Retina vilevile.

Tatu, kwa wenye mashine za zamani zaidi, Core 2 Duo na zile i3/i5 za kizazi cha kwanza. Hizo zinachagua hadi idadi ya chipu. Ukiona kipande cha 4GB kimeandikwa 1Rx8 kina chipu 8 nzito (kila moja imebeba ujazo mkubwa), mashine hizo nyingi haziziwezi, zinataka 2Rx8, chipu 16 nyepesi, 8 kila upande. RAM ileile ukiiweka kwenye laptopu mpya kidogo inasoma vizuri tu, ndo mwanzo wa ugomvi na muuzaji kwa sababu yeye akiipima kwake inafanya kazi na kwako haifanyi, na wote mnasema ukweli.

Spidi isikuumize kichwa. Ukichanganya 2400 na 2666 zote zinashuka kwenye 2400, au chini zaidi kama prosesa ndo mwisho wake. Hiyo haifanyi RAM isisomeke.

Hatua ya 4: fungua, safisha, chomeka upya

Chomoa chaja. Toa betri. Kama betri iko ndani kama ThinkPad nyingi, ingia BIOS kwanza, Config, Power, chagua "Disable built-in battery", itajizima yenyewe na hiyo ndo njia salama kuliko kuchomoa waya kwa kubahatisha. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 20 au 30 umeme uliobaki uishe. Gusa kitu cha chuma kabla hujagusa ndani. Usiruke hili, watu wanabadilisha RAM mashine ikiwa imelala tu na hapo unaweza kuua mazabodi kwa sekunde moja.

Toa RAM kwa kuvuta vile vibanio viwili vya pembeni kwenda nje, itanyanyuka yenyewe. Usiishike kwenye pini za dhahabu. Ukiona zimefubaa au zina madoa, futa taratibu kwa raba nyeupe ya penseli, kisha pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke. Huku pwani hewa ina chumvi na hizi mashine zimekaa stoo muda mrefu, kutu nyembamba kwenye pini ni kitu cha kawaida. Sloti yenyewe ipulize vumbi, unaweza kupitisha mswaki mpya mkavu laini, usiingize sindano wala kisu.

Kurudisha ndo wanakosea. RAM inaingia kwa kuinama, kama nyuzi 30 hivi, unaisukuma mpaka ndani kabisa ndo unailaza chini hadi vibanio viite "ta" pande zote mbili. Kipimo ni macho: ikishakaa, pini za dhahabu hazitakiwi kuonekana, labda uzi mwembamba sana ulio sawa kutoka kushoto hadi kulia. Ukiona upande mmoja dhahabu inaonekana zaidi ya mwingine, haijaingia, toa uanze tena. Sloti za laptopu ni ngumu, inataka nguvu kidogo kuliko unavyodhani, na wengi wanaogopa kuvunja wanaishia njiani.

Washa na usiwe na haraka. Baada ya kubadilisha RAM mashine inaweza kukaa skrini nyeusi muda kidogo ikiitambua, zile mpya za DDR5 zinaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza. Ukiizima katikati kwa kuogopa, itaanza upya na wewe utaanza kuogopa upya.

Hatua ya 5: jaribu moja moja, hapa usiruke hata mstari

Kama bado, basi sasa ni kupima kwa mpangilio. Una RAM ya zamani na mpya, una sloti A na B. Weka moja tu kwa wakati na uandike kwenye karatasi, kwa sababu baada ya kufungua na kufunga mara kadhaa kichwa kinachanganya:

1. Ya zamani peke yake kwenye A.
2. Mpya peke yake kwenye A.
3. Ya zamani peke yake kwenye B.
4. Mpya peke yake kwenye B.

Usomaji wake ni huu. Zamani inasoma kwenye sloti zote na mpya haisomi popote, basi ni ile mpya, ama haiendani (rudi kwenye stika) ama ni mbovu kweli. Zote zinasoma kwenye A na hakuna inayosoma kwenye B, RAM zako nzima, tatizo ni sloti B au njia yake. Kila moja ikiwa peke yake inasoma ila zikiwa pamoja zinagoma, hapo haziivi pamoja, labda chipu zimetofautiana sana au kuna yenye L na isiyo na L. Dawa ni kununua jozi inayofanana, siyo kuendelea kubishana nazo. Angalizo, baadhi ya mashine hazitaki kabisa kuwaka sloti ya kwanza ikiwa tupu, kwa hiyo jibu la B peke yake lithibitishe kwa kuweka RAM nzima kwenye A pia.

Wenye sloti moja na RAM ya kuchomelewa, mnapima mara mbili tu, sloti ikiwa tupu na ikiwa na mpya, mnalinganisha jumla.

Mashine ikigoma kuwaka, isikilize. Latitude za zamani zikipiga bipu 2 zinasema hazioni RAM, bipu 4 RAM ina hitilafu. Latitude za miaka ya karibuni zinatumia taa, machungwa mara 2 kisha nyeupe mara 3 maana yake RAM haionekani, 2 kwa 4 ni mbovu, 2 kwa 5 ni RAM isiyofaa kwa mashine hiyo. Hiyo ya 2 kwa 5 ni dhahabu, inakwambia wazi kwamba ulichonunua ni kizima ila hakiendani. HP nyingi za zamani, Caps Lock ikikonyeza mara 3, ni RAM.

Hatua ya 6: kuriseti na kuapudeti BIOS

Ikiwa vipimo vinasema RAM nzima na sloti nzima ila namba haipandi, ingia BIOS chagua Load Defaults (ThinkPad ni F9), hifadhi utoke. Ikigoma, chomoa na kile kibetri kidogo cha saa kwenye mazabodi dakika chache na chaja na betri kubwa zikiwa nje, saa itapotea utaiweka upya. Kwenye mashine yenye paswadi ya BIOS usitegemee hii ifute paswadi.

Kuapudeti BIOS nakiweka mwisho kwa makusudi. Kuna matoleo yamerekebisha kusomeka kwa RAM, ni kweli, ila umeme ukikatika katikati ya apudeti unaweza kubaki na tofali. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa, RAM ya zamani iliyo nzima iwe ndo iliyomo, na faili litoke kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa modeli yako kamili.

Sloti ikiwa ndo imekufa

Kabla ya kukubali, kama una T430, T440p au mashine nyingine ambayo prosesa inachomoka, jua kwamba njia ya RAM inapita kwenye prosesa. Pini moja ya prosesa ikiwa imepinda au prosesa haijakaa vizuri, sloti nzima inapotea. Fundi akiitoa, akaangalia pini, akaweka pesti mpya ya kupitisha joto na kuirudisha, sloti inaweza kufufuka. Kwa zile ambazo prosesa imechomelewa, ni kazi ya mashine ya joto, na kwa laptopu ya bei ya chini mimi siishauri. Weka kipande kimoja kikubwa kwenye sloti iliyo hai, 8GB kwa kizazi cha 4 au 16 kwa zinazokubali, na maisha yaendelee. Grafiki itapungua kasi kidogo kwa kukosa njia mbili (dual channel, vipande viwili kufanya kazi sambamba), kazi za ofisi hutaona tofauti.

Ikisoma zote, bado kitu kimoja. Pakua programu ya CPU-Z, fungua ukurasa wa SPD, linganisha GB na namba na ulichoandikiwa kwenye stika, maana stika zinabandikwa upya na watu. Halafu weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, washa laptopu kwa flashi hiyo, uiache ikimbie usiku kucha chaja ikiwa imechomekwa. Mstari mwekundu hata mmoja, rudia ukiwa na kipande kimoja kimoja ujue mkosaji, piga picha skrini, nenda nayo dukani na risiti, stika ikiwa haijabanduliwa. Kwa picha hiyo huhitaji hata kupandisha sauti.